Vidonge Tulivyoachiana

Nilimeza. Kwa miaka minane, kila nilipoulizwa na daktari, muuguzi au mtu yeyote mwenye koti jeupe kama nilikuwa nimemeza dawa kabla ya kuja, nilijibu hapana, tena kwa sauti ya mtu aliyekwazwa na swali. Nilikuwa nimemeza. Mara nyingi nilikuwa nimemeza asubuhi ileile, na chai.

Naandika sasa kwa sababu waliohusika wameshanisamehe, au wamechoka. Kwa umri wangu sioni tena tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Ugonjwa wenyewe hauna fahari. Yapo magonjwa ambayo mtu anaweza kuyataja mezani na watu wakaacha kula kwa heshima: moyo, sukari, hata presha, maana presha inaonyesha kwamba una majukumu. Kibofu hakimpi mtu cheo chochote. Unakwenda chooni, unatoa matone matatu yanayounguza kama pilipili, unarudi, na kabla hujaketi vizuri unasikia haja ileile. Mkojo unakuwa na ukungu na harufu, siku nyingine na damu kidogo. Chini ya kitovu kuna uzito kama wa mtoto aliyekulalia. Huwezi kufundisha wala kumsikiliza mtu. Kisha kinapita, na baada ya wiki kadhaa kinarudi. Kwangu kilirudi mara nne kwa mwaka, miaka mingine mara tano, nami nilikipokea kama mgeni wa familia: bila furaha, lakini nikijua analala wapi na anakula nini.

Alikula cipro, kidonge cha kuua vijidudu.

Hapa lazima nieleze habari ya kopo. Katika taasisi ninayofundisha, hapa Likasi, kusini mwa Kongo, walimu wanawake tuna chumba chetu kidogo, na katika chumba hicho kuna kabati, na chini ya kabati, nyuma ya masanduku ya chaki, palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vidonge. Hakuna aliyekumbuka nani alilianzisha. Mwanamke aliyepatwa na "infection" (kwetu neno hilo la Kifaransa, likisemwa na mwanamke kwa sauti ya chini, lina maana moja tu) alifungua kopo akachukua. Aliyeandikiwa dawa na daktari, au aliyeinunua mwenyewe kwa muuza dawa, alileta mabaki yake.

Mabaki yalikuwepo daima, kwa sababu hakuna aliyemaliza dozi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa popote. Paketi ina vidonge kumi. Unameza vinne, au vitano kama ni mkaidi, mpaka moto uzime, kisha vilivyobaki unamwachia mwenzako. Kumaliza vyote kulionekana kama kufuta sufuria ya nyama kabla wengine hawajaletewa sahani. Mwalimu mmoja kijana, aliyetoka Lubumbashi, aliwahi kumeza vyote kumi kama alivyoandikiwa, na akasema hivyo mbele yetu bila haya. Kwa wiki mbili hakuna aliyemtunzia kiti. Sisi tuliobaki tulijiona watu wema. Tulijaliana, nusu paketi kwa nusu paketi.

Ningeweza kusema kwamba sikujua. Lakini nilikuwa nimeandika makala.

Mimi ni mtu wa sosholojia. Miaka michache iliyopita nilifanya utafiti kuhusu wanawake wanaoosha mawe ya shaba kule Kambove, na jinsi wanavyojitibu wenyewe kwa vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye sinia kando ya barabara. Niliandika juu ya "uelewa finyu wa kanuni za tiba". Niliandika juu ya "mitandao isiyo rasmi ya kugawana dawa". Nilisoma makala hiyo ukumbini, Lubumbashi, na watu wakapiga makofi. Siku hiyo, katika mkoba wangu, mfuko uleule wa rozari ya Kikatoliki niliyoipata kwa ndoa, palikuwa na vidonge vitatu vilivyofungwa kwa karatasi ya daftari. Kimoja nilikimeza wakati wa mapumziko, huku mwenzangu mmoja akiniambia kwamba sehemu ya mitandao isiyo rasmi ilimgusa sana.

Sababu nyingine ya ugonjwa wangu ilikuwa kipande cha mbao. Ufunguo wa choo cha walimu unakaa kwa katibu, nao umefungwa kwenye kipande cha mbao kirefu kama mkono wa mtoto, ili usipotee. Ukiubeba kupita uani, wanafunzi mia moja wanajua unakwenda wapi, na wale wa mwisho wanajua umekaa muda gani. Nilijifunza kubana tangu shule ya bweni kule Mulungwishi, ambako vyoo vilikuwa mbali na majani yalikuwa marefu, na nikaendelea kubana nikiwa na shahada mbili. Ili nisibebe ule ubao, nilikunywa maji kidogo. Ili nisione kiu, nilifundisha kwa ufupi. Wanafunzi walinisifu kwa ufupi wangu.

Mwaka jana, kiangazi kilipoanza na vumbi la malori likashika kila jani mjini, vidonge viliacha kunisikia. Nilimeza vinne, moto haukuzima. Nikameza vitano, sita. Nikavunja sheria nikameza vinane, na bado nilikuwa nakojoa kama mtu anayemimina vipande vya chupa. Nikaona damu. Ndipo nilipokwenda kwa daktari wa kweli.

Alikuwa mwanamke kijana, rika la binti yangu kama ningekuwa na binti, mwenye viatu vya raba na kalamu kwenye masikio yote mawili. Aliniuliza maswali mengi kuliko nilivyozoea.

"Mama, inarudia mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja moja."

"Moja moja ni ngapi?"

"Nne. Tano."

"Ulisha kufanya culture?"

"Examen ya mukojo? Mara mingi sana."

"Apana, si ile. Ile ya kuchungulia mu microscope, banakuandikia infection hata ukibapelekea chai." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Minye nataka ile ya kuotesha. Banaweka mukojo fasi moja, kijidudu kinaota, banakiona ni gani, halafu banakijaribia dawa moja moja, tujue gani inakiua na gani kinaicheka. Inafanyika Lubumbashi. Na mbele ya kwenda, hakuna dawa. Hata moja, ju ukimeza, kijidudu kinajificha, hakioti. Sasa hivi kuko dawa ulikunywa?"

"Hapana," nilisema, kwa ile sauti ya kukwazwa.

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni saa mbili kama malori yakikuachia njia, na malori hayaachi. Asubuhi ya safari nilisimama jikoni nikifikiria saa hizo mbili, basi lililojaa, na mimi katikati ya benchi nikiomba dereva asimame kila baada ya dakika kumi. Katika mkoba vilikuwamo viwili vya akiba kutoka koponi, si cipro, vya aina nyingine yenye nguvu zaidi. Nilivimeza na chai. Nilijiambia kwamba viwili si dawa, viwili ni adabu tu, kwa ajili ya barabara. Nilifika Lubumbashi nikiwa mkavu na mwenye heshima, nikatoa mkojo wangu, na baada ya siku tatu jibu likaja: hakuna kilichoota.

Daktari aliigeuza ile karatasi kama anayetafuta upande wenye maandishi zaidi.

"Hakuna kitu," alisema. "Kama kweli hakuna dawa iliingia, donc si kibofu. Labda ni kintu ingine, ya humo karibu. Kuko magonjwa ingine inaunguza vilevile, ya bantu babili. Nitakuandikia examen, weye na bwana yako. Wote babili, mama."

Ilihitajika sentensi moja tu: nilimeza. Mimi ni mtu ninayeweza kuzungumza saa mbili juu ya desturi za matanga bila kugusa karatasi. Nilisema asante, nikakunja ile fomu mara nne, nikatoka.

Mume wangu ni fundi wa pampu katika kiwanda kimoja cha shaba. Anapenda pampu kwa sababu, anasema, pampu ikiharibika haikusingizii. Nilimpa ile fomu baada ya chakula, alipokuwa bado na ugali wa bukari vidoleni. Aliinawia mikono kwanza, akaisoma, akairudia.

"Dokta anafikiri minye njo nilikuletea?"

"Ni kanuni tu. Wanapima wote."

"Kanuni," alisema. Akaenda kunawa tena.

Nilipimwa, akapimwa. Majibu yetu yote yalitoka safi. Lake aliliweka mezani, chini ya kikombe cha chumvi, mahali ambapo ningeliona kila mlo, na tangu siku ile akahamia kulala kwenye kochi la sebuleni. Alisema mgongo unataka kitu kigumu. Kochi letu si gumu. Ni kochi ambalo mtu anazama mpaka masikioni. Hakulalamika, wala hakunisema. Asubuhi alikunja shuka yake vizuri sana, kona kwa kona, na kwa wiki tatu zile kona ndizo zilikuwa maneno yote tuliyokuwa nayo.

Ndipo akaja yaya.

Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Wangu anaishi Kambove. Anawauzia wachimbaji buti, sururu na betri za tochi, na anasali kwenye kanisa ambalo Mungu anasemeshwa kwa kipaza sauti. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea na kunipeleka Mulungwishi, kwa hiyo mbele yake sina shahada hata moja. Aliingia, akaona shuka kwenye kochi, akaketi juu yake.

"Ni nani analala hapa?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote isipokuwa lile moja. Alitaka karatasi, nikampa. Alizisoma moja moja, akilamba kidole.

"Yaya, unaona, hata yake inasema hakuna kitu."

"Eee, hakuna kitu!" Alipiga kofi moja kama anayeua mbu. "Weye ulisoma mpaka macho iliharibika, lakini uko mutoto. Alikunywa dawa mbele! Banaume bote banafanya vile. Anajua kesho iko examen, asubuhi anameza bidonge, anakunywa na chai, examen inatoka safi. Halafu anakuwekea karatasi ku meza: angalia, minye niko muzuri."

"Na chai?" nikauliza.

"Na chai, na kahawa, na nini! Niko nauzia banaume tangu ungali na ribone mu kichwa. Nabajua."

"Labda haikuwa yeye. Labda ni mimi ambaye..."

"Weye unamufichia. Hii honte yako, hii haya, itakuua, mudogo wangu, na nitakuzika nayo."

Akachukua simu na kumpigia baba mdogo wa mume wangu palepale, mbele yangu, kwa sauti ya kanisani. Walikubaliana kikao cha familia mbili, Jumapili ya wiki iliyofuata, saa tisa, nyumbani kwetu. Baada ya misa yao Wakatoliki, alisema, na baada ya ibada yetu.

Nawajua watu wetu, na vikao vyao nilivifundisha. Mume wangu angeketishwa kwenye stuli katikati ya sebule yake, mbele ya watu wanane, aulizwe ni mwanamke gani, na tangu lini. Nilimjua pia yeye. Asingejibu. Angetazama mikono yake. Na ukimya wa mwanaume katika kikao cha aina hiyo unahesabiwa kuwa ni kukiri. Jioni yaya angenifungia nguo na kunipeleka Kambove "kwa muda", na muda huo ukishaanza hakuna mtu anayejua unavyomalizwa. Miaka ishirini na moja ya ndoa ingekatika kwa sababu ya vidonge viwili na kikombe cha chai, na nilikuwa nimebakiwa na siku nane za kuzuia.

Ningeweza kuzuia kwa dakika moja. Nilitaka kwanza karatasi. Hivyo ndivyo shule inavyomharibu mtu: nilitaka ukweli wangu uje na muhuri.

Jumatatu moto, uliokuwa umetulia kwa wiki zile tatu, ulirudi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuufurahia. Nilikwenda kwa daktari nikiwa nimejikunja kama herufi, nikamwambia kwamba, nikifikiri vizuri, labda ile asubuhi ya safari ya kwanza nilimeza kimoja.

Alinitazama. "Labda kimoja?"

"Viwili."

"Na mbele ya ile siku?"

"Sikumbuki vizuri."

Aliandika fomu mpya bila kuniondolea macho, na nikapata kujua wanafunzi wangu wanahisi nini wakati wa mtihani wa mdomo. "Kesho kutwa uende," alisema. "Usiguse kitu. Ile kuunguza uivumilie. Ukisikia homa, ao mugongo inauma hapa pembeni, usingoje, urudi mbio, ju hapo inapanda ku mafigo."

Siku hizo mbili zilikuwa ndefu. Katika chumba cha walimu mwenzangu mmoja aliniona nimeegemea kabati, akainama, akatoa kopo, akalifungua mbele yangu kama sanduku la keki.

"Mama prof, tatu tu. Nani alikuapisha?"

"Sitaki."

"Angalia yeye! Kwani ulisha okoka?"

Walicheka wote, hata yule wa Lubumbashi aliyekuwa hatunziwi kiti. Yeye alicheka kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine. Nilikwenda kwa katibu, nikachukua ufunguo pamoja na ubao wake, nikapita uani mara sita kabla ya adhuhuri. Kufikia mara ya nne wanafunzi walikuwa wameacha kutazama. Miaka yote ile nilikuwa nimejificha kwa watu ambao hawakuwa na haja na habari yangu.

Jumanne jioni, nikiwa chooni nyumbani, nilisikia viatu vya mume wangu vikisimama nje ya mlango.

"Kesho niko repos, hakuna kazi," alisema kupitia mbao. "Nitakupeleka."

Gari letu ni kuukuu, na mlango wa upande wangu unafunguka kutoka nje tu. Ni kasoro ambayo ameahidi kuirekebisha tangu tulinunue, na ambayo haikuwahi kuwa na maana kubwa mpaka asubuhi ile. Kila niliposema, alisimamisha gari, akatoka, akazunguka kwa mbele, akanifungulia. Kisha akachukua kitenge kilichokuwa kwenye kiti cha nyuma, akakishika kwa mikono miwili iliyonyooshwa, akanipa mgongo na kuitazama barabara. Nyuma ya kitenge nilichuchumaa kwenye nyasi zilizoungua na kutoa matone yangu matatu. Akakunja kitenge, kona kwa kona. Akanifungia mlango. Tukaenda.

"Tena?"

"Tena."

Hakupiga mluzi wala hakuguna. Mara ya tano lori lililobeba magunia lilipunguza mwendo, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Papa! Ile kitenge unauzisha?"

"Ilisha uzwa!" mume wangu alijibu, bila kushusha mikono. "Mwenyewe iko nyuma, anaipima!"

Lori likapita likipiga honi. Nilimwona mabega yakitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile fomu, na alicheka akiwa amenipa mgongo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba alicheka nami.

Tulipoanza kuona nyumba za kwanza za Lubumbashi nilisema, "Kuna kitu nataka kukuambia."

Alipunguza mwendo. "Unataka kushuka?"

"Hapana."

"Basi tufike kwanza."

Mwoga akipewa nafasi ya kungoja haikatai.

Maabara yalikuwa safi na yenye baridi. Mtaalamu alinieleza tena kama mtu asiyewahi kukojoa: ujisafishe, sehemu ya kwanza iache ipite, shika ya katikati, funika, usiguse ndani ya kifuniko. Nilikuwa nimefanya vipimo vya mkojo miaka minane na hakuna aliyewahi kuniambia habari ya katikati. Nilimpa kichupa. Akauliza kama nilikuwa nimemeza dawa yoyote. Nikasema hapana, na sauti yangu, kwa kukosa mazoezi ya kusema kweli, ilitoka kama ya mwongo.

Walisema watampigia daktari, na daktari atanipigia. Alhamisi hakupiga. Ijumaa nilibeba simu mpaka chooni, pamoja na ule ubao.

Jumamosi yaya alifika mapema na unga, kuku wawili na uso wa kazi, ili kikao cha kesho yake kisije kikaendeshwa na watu wenye njaa. Alikuwa anaukanda unga wa maandazi kwenye meza ya kulia, kikombe cha chumvi amekisogeza, jibu la mume wangu limepata alama za vidole vyeupe. Mume wangu alikuwa uani, chini ya tangi la maji, akifungua bomba ambalo nadhani halikuwa na tatizo. Simu ililia. Niliona ni daktari.

"Weka sauti inje," alisema yaya, na kabla sijaamua alinyoosha kidole chenye unga na kubonyeza mwenyewe.

"Allô, mama," ilisema sauti ya daktari, ikijaa sebule nzima. "Jibu ilifika. Uko fasi ya kusikia muzuri?"

Mlango wa uani ulifunguka. Mume wangu alisimama pale na spana mkononi.

"Niko na watu wangu," nilisema. "Sema tu, dokta."

"Basi. Kimeota, na kimeota mingi. Ni kijidudu ya tumbo, ile bantu bote tuko nayo mu matumbo. Kwa siye banamuke njia ni fupi, inatoka nyuma, inapanda mpaka ku kibofu, inakaa. Na kwa umri yenu, mama, hedhi ikisha kukoma, ngozi ya kule inakauka, mulango inabaki wazi. Si kintu ya bwana. Si kintu ya mwanamuke mwingine. Unanisikia? Ni ya kwako mwenyewe."

Yaya aliacha kukanda.

"Nasikia."

"Sasa kuko ingine. Banaijaribia dawa mingi. Cipro, haiifanyi kitu. Cotri, haiifanyi kitu. Amoxi, vilevile. Hii kijidudu inajua cipro sawa vile minye najua nyumba ya mama yangu. Na ile elimu haikuipata kwa bidonge bibili, mama. Usinifiche tena, ju dawa zenye zimebaki ni kidogo, sitaki tuziharibu nazo. Ulikunywa cipro mara ngapi?"

Nilitazama ile karatasi chini ya unga. Kisha nikamtazama yeye aliyesimama mlangoni.

"Miaka minane," nilisema. "Kila iliporudi. Vinne, vitano, basi. Vingine tunaachiana kazini, kwenye kopo. Na ile asubuhi ya safari ya kwanza nilimeza viwili vya aina nyingine. Ndiyo maana hakikuota."

Yaya alinigeukia polepole, mikono juu, vidole vimefunguka.

"Na chai?" aliuliza.

"Na chai, yaya."

"Asante, mama," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa imelegea kama ya mtu aliyeweka mzigo chini. "Tunaanza upya. Dawa mbili bado zinaiua. Nitakuandikia moja, ni ya siku tano, unaimaliza yote. Yote, hata ukisikia uko muzuri siku ya pili. Kuko na crème ya kuweka ku ile fasi, kwa ile mukauko. Mayi, unywe ya kutosha. Haja ikikuita, uende. Ukisha lala na bwana, uende vilevile. Na sabuni ya kunukia usitie ndani. Ikirudi, hakuna kumeza kitu, unanipigia kwanza. Uko unaandika?"

Sikuwa naandika. Mikono yangu ilikuwa magotini. Mume wangu alivuka sebule, akaweka spana mezani karibu na unga, akalivuta jibu lake kutoka chini ya kikombe cha chumvi, akalipangusa kwa kiganja na kuligeuza upande usio na maandishi. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa ovaroli.

"Dokta, siku ngapi?" aliuliza.

"Tano. Ni nani huyo?"

"Ni bwana."

"Ah, papa. Sikiliza, weye uko muzuri."

"Minajua," alisema mume wangu, akainama, akaandika tano. "Endelea. Crème."